Ukuta Wako Nimeubomoa

Majengo, Gisenyi,
Wilaya ya Rubavu.
Tarehe 14 Septemba 2025.

Mpendwa mwanangu Gatete,

Assalamu alaykum, wewe na nyumba yako yote huko Liège. Kabla ya lolote, mgongo unaendeleaje? Mkeo Akaliza aliniambia umeanza tena kubeba mizigo mizito kule kazini, na kwamba ukirudi nyumbani unainuka kitini kwa kushika meza. Jipake dawa, lala kwenye godoro gumu, na uache kujifanya kijana. Na Shyaka, meno ya mbele yameshaota? Mwambie bibi yake wa Gisenyi anataka picha akiwa anacheka, si amebana mdomo kama baba yake.

Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mvua zimeanza kurudi kidogo kidogo, viazi vya Bugeshi vimejaa sokoni, na cherehani yangu bado inanipatia ugali. Dada yako Saidati hajatoka Kigali tangu Idi ya kwanza, lakini tunaongea kila Ijumaa. Analalamika kuhusu kazi yake kama kawaida, kwa hiyo najua ni mzima.

Nakuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwenye neno lenyewe unasema, "Shangazi, mtandao mbaya." Karatasi haina mtandao. Connie, binti wa yule mama wa duka la vitenge, anarudi Ubelgiji Jumatano, na ameniahidi kukupa bahasha hii mkononi. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Habari yenyewe ni hii: ukuta wako umelala chini. Haukuangushwa na tetemeko, wala mvua, wala wezi. Nimeubomoa mimi, na nyundo ya kwanza niliipiga kwa mkono huu huu ninaokuandikia.

Vuta pumzi. Naendelea.

Mwaka juzi ulipokuja, viatu vyako vya kukimbilia viliibwa barazani. Nilikupa pole wakati ule na leo nakupa tena, vilikuwa viatu vizuri. Lakini mwizi hakuruka ukuta, Gatete. Aliingia mlangoni, kwa sababu wewe mwenyewe uliuacha wazi ulipokwenda ziwani. Hilo hatukulisema. Ukarudi Liège, ukaanza kunitumia picha za vipangu, zile nyumba zilizofungiwa ndani ya kuta ndefu zenye geti la chuma, ukaniambia kila mtu mwenye akili mjini anajenga hivyo. Nilipokataa mara ya tatu ukaniambia, "Shangazi, ni ukuta au ni Kigali." Yaani nifungiwe hapa, au nikaishi kwa Saidati ghorofa ya tatu.

Hati ya nyumba ina jina lako, baba yako alikuachia, na mimi niko hapa kwa miaka arobaini kama dada yake tu. Nikasema bora ukuta, angalau nitabaki na mlango wangu. Hilo ndilo kosa langu na nalikiri.

Sijui kama unakumbuka kiukuta cha baba yako kilivyojengwa, ulikuwa mdogo. Marehemu kaka yangu Habimana alikijenga na Bizumuremyi wa Kanzenze, kwa amakoro, yale mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa kule kwao mashambani. Hawakutia hata kijiko cha saruji. Bizumuremyi alikuwa akishika jiwe, analigeuza, analiweka, analitingisha kwa kidole. Likicheza analitoa na kulitafutia mahali pengine. Kila baada ya hatua mbili analaza jiwe refu linalopita unene wote wa ukuta, ili pande mbili zishikane. Chini pana, juu pembamba kidogo, na mwisho mawe bapa ya kukalia. Kilifika kwenye nyonga yangu, basi. Nilimwuliza kwa nini anaacha nafasi kati ya mawe, akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini sufuria ina mdomo.

Katika matetemeko ya mwaka 2021, kuta ndefu za mtaa huu zilipasuka, nyingine zikalala barabarani. Kiukuta cha baba yako kilidondosha mawe manne. Niliyarudisha mwenyewe kabla ya chai.

Basi ukamtuma Cedric kutoka Kigali. Simlaumu Cedric, ni kijana wa heshima na alifuata picha ulizomtumia. Lakini hakuwahi kujenga kwenye mawe ya huku. Alipandisha matofali ya saruji juu ya kiukuta cha baba yako, akayafikisha mita mbili na nusu, halafu akapiga plasta chini mpaka juu upande wa nje. Zile nafasi za Bizumuremyi akaziziba zote, maana alizidhani ni ulegevu wa mjenzi. Juu kabisa akapanda chupa zilizovunjwa. Nilimwuliza maji yatapita wapi. Akasema, "Shangazi, boss alisema isibakie hata tundu ya kuchungulia."

Boss ni wewe.

Idi ya kwanza ikatukuta ukuta umeshapita kichwa changu. Wewe unajua desturi ya hapa. Pascasie, jirani yetu, ni Mkristo aliyerudi kutoka Goma akiwa na watoto wawili na sufuria moja, na tangu mwaka ule sahani yake ya pilau hupita juu ya kiukuta ikiwa bado inatoa moshi. Krismasi naye hunipitishia sombe, yaani kisamvu, hapo hapo. Hatuitani, hatubishi hodi, mtu anaweka sahani juu ya mawe na kukohoa. Mwaka huu nilizunguka na sahani, nikafungua kufuli mbili, nikapita barabarani kwa kanga ya jikoni mbele ya watu waliovaa vizuri, nikabisha kwake. Alipofungua alidhani kuna msiba.

Nilicheka siku ile. Lakini niliona pia kwamba kwa wiki nzima hakuna mtu aliyeniambia habari za asubuhi. Si kwamba walinichukia. Hawakuniona. Na wateja wa cherehani, waliozoea kunionyesha suruali iliyochanika wakiwa njiani, wakaanza kwenda kwa mafundi wa stendi. Watu waliniita "Mama wa kipangu" na sikupenda hata kidogo.

Sasa nakuja kwenye jambo nililokuficha. Kaa chini kama umesimama.

Tarehe 8 Mei, siku ya Alhamisi, mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Kiwanja chetu kinateremka kuelekea barabarani, wewe mwenyewe ulikuwa ukiteleza hapo na ndoo. Zamani maji yalipita katikati ya mawe yakaenda zake mtaroni. Siku hiyo yalifika ukutani, yakakuta plasta, yakakaa. Bustani yangu ya lengalenga, ule mchicha wetu, ikawa bwawa, na maji yakaanza kupanda kuelekea mlango wa jikoni. Baada ya sala ya alasiri nilitoka na jembe kuchimba njia pembeni. Udongo ukanikimbia chini ya miguu. Nilisikia kifundo cha mguu wa kulia kikilia kama kijiti kikavu.

Najua utaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu ndipo likavunjika.

Sikuweza kusimama. Nilijikokota mpaka chini ya ukuta, nikaegemea mawe, maji kiunoni. Simu ilikuwa mezani ndani. Nikaita. Gatete, watu walikuwa wakipita! Nilizisikia ndala zao. Nilimsikia mtu akimwuliza mwenzake bei ya vidagaa vya sambaza. Niliwasikia wanafunzi wakicheka. Unene wa ukuta tu ulikuwa kati yangu na mtaa mzima unaonijua kwa jina, na sauti yangu ilikwama ndani na mvua. Nikaokota jiwe nikaanza kugonga ukuta. Nikagonga mpaka vidole vikachubuka.

Na Pascasie alinisikia! Hilo ndilo linaloniuma kuliko mguu. Alikuwa barazani kwake akimenya mihogo, akasikia ko, ko, ko, na akaendelea kumenya. Aliniambia baadaye akilia, "Mana yanjye, Mungu wangu, shangazi, mi niliwaza ni mafundi wako wanapiga kazi. Nikasema, bon, leo wanamaliza plasta ya ndani. Hata nikakasirika kidogo juu ya kelele!" Miezi mitatu Cedric na wenzake walikuwa wakigonga humu ndani, na yeye hakujua kwamba wameshaondoka. Mtu angejuaje? Mtaa ulikuwa umeshazoea kwamba ukuta wa Kaltumu unagongwa.

Nilikaa pale kutoka alasiri mpaka adhana ya magharibi. Nilisoma sura zote ninazozijua, halafu nikazirudia zile fupi. Nilimfikiria baba yako. Na nikuambie ukweli, nilikufikiria wewe, na sikukufikiria vizuri.

Pascasie alishtuka aliposikia adhana lakini hakusikia bomba langu la nyuma likifunguliwa kwa udhu. Akanipigia simu, akaisikia ikilia ndani bila kupokelewa. Akaenda getini, kufuli mbili, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Ndipo akamsimamisha Ganza, dereva wa pikipiki anayeegesha hapo kona. Ganza akasogeza pikipiki ukutani, akasimama juu ya kiti, akaniona. Akapiga kelele, "Mama, kaa vile vile, usiinuke! Mi nakuya!" Na akaja, juu ya zile chupa zako. Kiganja cha kushoto kilishonwa nyuzi saba.

Hadi leo, mtu pekee aliyekatwa na chupa za ukuta wako ni yule aliyekuja kuniokoa.

Nilifungwa plasta mguuni wiki saba. Wakati wote huo ulipopiga nilikuambia nina mafua, ndiyo maana ulinikuta nimelala kila mara. Nilikuficha kwa sababu nilijua utakachosema. Ungesema, "Umeona? Huwezi kuishi peke yako," na wiki ile ile Saidati angekuja na gari kunichukua. Pascasie alinilisha, alinibeba mpaka chooni, aliniosha nywele. Alikuwa anazunguka barabarani mara kumi kwa siku, na kila mara zile kufuli mbili.

Mguu ulipotoka plasta mwisho wa Juni nilimwita Bizumuremyi. Amezeeka kuliko mimi, anatembea kwa fimbo, lakini alipanda basi kutoka Kanzenze siku hiyo hiyo. Aliuzunguka ukuta wote. Akapiga plasta kwa fimbo, akaniuliza, "Hii maji ilikuwa na njia yake. Nani aliifunga?" Nikamwambia ni mtoto wa Habimana. Akasema, "Habimana iko na mutoto ya namna hii?" Samahani, lakini alisema hivyo.

Tukabomoa tarehe 12 Julai. Niliwaambia watu wote wasimame nyuma, nikachukua nyundo ya Bizumuremyi, nikaupiga pale pale nilipokuwa nimeegemea. Pigo la kwanza halikufanya kitu, la pili halikufanya kitu. La tatu plasta ikaanguka kipande kikubwa, na mtaa ukashangilia kama goli limeingia. Kisha Ganza na wenzake wa pikipiki wakamalizia, kwa mikono yenye glavu safari hii. Chupa tulizitoa kwanza, moja moja.

Hatukutupa kitu chako. Kiukuta cha baba yako kilikuwa bado kizima chini ya yote hayo. Bizumuremyi alikwangua plasta katikati ya mawe kwa msumari, siku nne, huku akinung'unika. Matofali yako ya saruji yamezungushia bustani, safu mbili tu, yanashika udongo usiteremke, na lengalenga imeota vizuri kuliko zamani. Mengine yamekuwa kiti kirefu nje ya jikoni. Geti nimeliacha, maana ni zuri na rangi yake naipenda. Linasimama peke yake, refu kama askari, na kiukuta cha kufika nyonga kushoto na kulia. Watu wazima bado wanabisha hodi hapo huku wananitazama usoni.

Na zile picha nilizokutumia Julai na Agosti ulipotaka kuona ukuta unaendeleaje, zote nilizipiga Aprili. Mara tatu nimevaa kitenge kile kile na hukugundua. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu, na macho ya mbali hayajui hata kitenge.

Sasa nikuambie bila kuzunguka. Najua hukunifanyia ubaya. Baba yako alikufa ukiwa huko, hukufika kumzika, na tangu hapo kila simu yangu ikilia saa isiyo ya kawaida unadhani ni zamu yangu. Ukatafuta kitu cha kunikinga, na kilichokuwa karibu na mkono wako ni kutuma ukuta. Hilo limenigusa moyo na bado linanigusa. Nakupenda kama mtoto niliyemzaa, na kwa sababu hiyo nimekasirika kwa moyo wote. Ungekuwa mtu baki ningekucheka tu.

Uliniambia ni ukuta au ni Kigali. Jibu langu ni hili: si ukuta, wala si Kigali. Nampenda Saidati, lakini kule kwake jirani wa mlango wa pili hamjui jina, na lifti ikiharibika yeye mwenyewe hashuki. Nikafanye nini huko? Nikae dirishani nihesabu magari? Hapa ninaposhona naona nani ameumwa, nani amepata kazi, nani hajapita leo. Nao wananiona. Pascasie akitoka asubuhi kabla hajanawa uso ananitafuta kwa macho, na nisipokuwepo anaruka kiukuta. Ana miaka hamsini na tisa na anakiruka. Hebu niambie mlinzi gani wa Kigali atakayefanya hivyo.

Mwizi akitaka kuja, aje. Atakuta cherehani nzito kuliko yeye na mtaa mzima unamtazama.

Ukiamua kunitoa, una haki, hati ni yako na sitakwenda mahakamani na mtoto wa kaka yangu. Lakini hutanitoa kwa simu. Utapanda ndege, utakuja ukae barazani, na utaniambia mbele ya Pascasie na mbele ya Ganza, huku unaangalia kiganja chake. Ukiweza kulisema neno hilo ukiwa umekaa hapo, nitafunga mizigo.

Nina miaka sitini na minane. Nitaanguka tena, Gatete. Wazee huanguka, na hakuna fundi wa kulizuia hilo, wa saruji wala wa amakoro. Lakini nikianguka tena nitaanguka mahali ninapoonekana.

Nisalimie Akaliza sana, mwambie kitambaa cha gauni lake nimeshakikata na hakitabana. Mbusu Shyaka kwenye mashavu yote mawili. Saidati usimpigie kwa hasira, hakujua lolote. Pascasie anakusalimu na anasema bado wewe ni mtoto wake, Ganza anakusalimu kwa mkono mzima, na Bizumuremyi hakusema nikusalimie lakini nimemsalimia kwa niaba yako.

Mwenyezi Mungu akulinde mgongo na moyo, awape riziki ya halali, na akulete nyumbani ukiwa mzima, mchana, watu wote wakikuona unapoingia.

Ni mimi shangazi yako akupendaye, asiyehama,

Kaltumu